Uso wa mtoto mchanga: tuusome, tusiuhukumu



Tunapokwenda kumtembelea mwenzetu aliyejifungua, kuna desturi tuliyo nayo sisi wote. Tunaingia na sabuni yetu na sukari yetu, tunapokea mtoto, tunafunua kitenge, na kabla ya yote tunatazama uso. Mmoja anasema: pua ni ya babu yake. Mwingine anasema: macho ameyachukua kwa shangazi. Tunacheka, tunamshukuru Mungu, tunarudisha mtoto kwa mama yake.

Lakini kuna siku tunafunua kitenge na kicheko kinakatika. Tunatazamana. Tunasema, “Ni mtoto mzuri,” tunafunika upesi, na maneno ya kweli tunayaanza tukiwa njiani kurudi. Tangu siku ile mama anasikia manong'ono: eti mtoto ametoka kwa mizimu, eti mama alicheka kilema, eti upande wa bibi kuna laana. Juma hili tunataka kuzungumza juu ya ukimya ule wa nyumbani na manong'ono yale ya njiani, kwa sababu vyote viwili vinaweza kumponza mtoto.

Tuanze na kosa letu wenyewe, sisi walimu. Miaka miwili iliyopita tulipokea katika mwaka wa kwanza wa shule ya msingi msichana wa miaka saba. Uso wake ulikuwa tofauti, maneno yake machache, na mkono wake ulishika kalamu kwa shida. Tukamweka benchi la mwisho. Wakati wa rekreasio wenzake walikimbia, yeye alichuchumaa karibu na ukuta akihema. Tulimwambia asimame acheze. Tulimwita mvivu. Siku moja muuguzi wa kituo cha afya alipokuja kugawa dawa za minyoo, alimtazama uso, akafungua kiganja chake, akatazama kucha na ulimi, kisha akasikiliza moyo wake. Alikaa kimya kwa muda, halafu akaomba tumwite mama yake.

Hospitalini walikuta tundu kubwa ndani ya moyo, tangu kuzaliwa. Daktari alieleza ya kwamba tundu kama lile huzibwa mtoto akiwa bado mdogo sana, na ya kwamba kwa miaka saba damu ilikuwa imesukumwa kwa nguvu mno ndani ya mapafu hadi mishipa yake ikaharibika. Sasa kupasua kungekuwa na hatari kuliko faida. Mama akatuambia neno ambalo hatujalisahau: “Siku alipozaliwa, mzalishaji aliangalia uso, akaita mwenzake, wakasemezana Kifaransa. Mimi sikuelewa. Wakaniambia mtoto ni mzima, nirudi nyumbani.”

Kwa hiyo kuna watu waliouona uso ule na kuutambua tangu siku ya kwanza. Hawakusema. Sisi nasi tukauona, na hatukujua. Ndiyo sababu tunaandika.

Kwa nini uso?

Tujiulize kwanza: kwa nini uso utupe habari za moyo? Jibu liko tumboni. Uso wa mtoto huanza kutengenezwa mapema sana, kati ya juma la nne na la nane la mimba, wakati mama wengine bado hawajajua kama wana mimba. Katika majuma yale yale moyo unajengwa, ubongo unakua, masikio, mikono na miguu vinatokeza. Ni kama nyumba ambayo mafundi wote wanaifanya kazi siku moja. Mpango ukiwa na hitilafu, au matofali yakikosekana, alama haibaki mahali pamoja tu. Moyo hatuuoni, ubongo hatuuoni, lakini uso uko wazi mbele yetu.

Hapo tushike kanuni ya kwanza: alama moja si ugonjwa. Mtoto mwenye masikio madogo anaweza kuwa amerithi masikio ya baba yake. Kwa hiyo, kabla ya kumtazama mtoto, tuwatazame wazazi na ndugu zake. Wataalamu hutafuta alama kadhaa zinazokuja pamoja, tena hawatazami uso peke yake, wanatazama mwili mzima. Na hata wakiziona zote, uso unawaonyesha tu njia ya kufuata. Kipimo ndicho kinachotoa jibu.

Uso wa kwanza: trisomi 21

Huu ndio uso wa msichana wetu. Kila chembe ya mwili wa mtu ina kromosomu 46, ndizo kama vitabu vya maagizo ya kujenga mwili: 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Mtoto wa trisomi 21 ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, hivyo jumla yake kwa kawaida ni 47. Daktari Mwingereza John Langdon Down alieleza watoto hawa mwaka wa 1866, lakini sababu yenyewe ilijulikana mwaka wa 1959, kwa kazi ya Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris.

Alama zake ni hizi. Macho yanapanda kidogo kwenye pembe za nje, na kwenye pembe za ndani kuna mkunjo mdogo wa ngozi. Uso ni bapa unapoutazama kwa upande. Masikio ni madogo. Mdomo ni mdogo na ulimi hutokeza mara kwa mara. Nyuma ya shingo kuna ngozi ya ziada. Katika kiganja, watoto wengine wana mstari mmoja tu unaokata toka upande huu hadi ule. Kwenye mguu, kidole gumba kimeachana na cha pili. Na alama ambayo wazalishaji wazoefu huihisi kabla ya zote: mwili ni mlegevu, ukimbeba mtoto anateleza mikononi kama kitenge kilicholowa.

Hapa tuseme jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Picha nyingi katika vitabu vya udaktari ni za watoto Wazungu. Zinafundisha kutafuta mgongo wa pua ulio bapa, lakini watoto wetu wengi wazima wana pua ya namna hiyo. Mwaka wa 2017 daktari Mkongomani Aimé Lumaka na wenzake walitoa utafiti juu ya jambo hili. Walijaribu programu ya kompyuta inayosoma sura za watoto. Kwa watoto wa Ubelgiji wenye trisomi 21 iliwatambua wanane katika kila kumi. Kwa watoto wa Kongo haikufika wanne katika kumi. Walipoifundisha kwa picha za watoto Waafrika, ikawatambua karibu wote. Wamama, kama mashine ilihitaji kufundishwa uso wetu, basi na jicho la mwanadamu linahitaji. Mama anayesema, “Mtoto huyu hafanani na ndugu zake,” amewaona watoto wake wote kwa karibu. Neno lake lina uzito, asikatishwe.

Sasa, kwa nini ni muhimu kujua mapema? Kwa sababu karibu nusu ya watoto wenye trisomi 21 huzaliwa na kasoro ya moyo. Kila mtoto mwenye uso huu anastahili moyo wake usikilizwe na upimwe kwa ekografi katika majuma ya kwanza, hata kama anaonekana mzima. Mama naye atazame: je, mtoto anatoka jasho akinyonya? Anachoka na kuacha ziwa kabla ya kushiba? Anahema haraka? Ulimi na midomo vinageuka rangi ya bluu? Hapandi uzito? Moja tu kati ya hayo linatosha kutupeleka hospitali, tusingoje siku ya CPS.

Pia masikio yao huugua mara nyingi, macho yao huweza kuhitaji miwani, na tezi ya shingo inaweza kufanya kazi kidogo. Mtoto anayeitwa mjinga pengine hasikii vizuri tu. Kunyonya kwao ni polepole kwa sababu misuli ya mdomo ni milegevu: tumshikie kidevu kwa kidole, tumnyonyeshe mara nyingi, na kama anachoka tukamue maziwa tumpe kwa kikombe kidogo. Watakaa, watatembea, watasema, lakini baadaye kuliko wengine. Katika nchi zenye huduma nzuri wengi wao leo hufika miaka 60.

Ni nani alaumiwe? Hakuna. Mara nyingi kromosomu ya ziada inatokea kwa bahati tu, wakati yai la mama linapojitengeneza, na mara chache inatoka kwa baba. Ni kweli uwezekano unaongezeka kwa umri: mama wa miaka 20 ni kama mmoja kwa 1.500, wa miaka 35 ni kama mmoja kwa 350, wa miaka 40 ni kama mmoja kwa 100. Hata hivyo wasichana na wamama vijana wanazaa watoto hawa pia, na kwa kuwa wao ndio wanaozaa kwa wingi, watoto wengi wa trisomi 21 wana mama vijana. Chakula ulichokula hakihusiki, wala mtu uliyemcheka, wala mama mkwe.

Neno moja bado. Huku kwetu watu wengi wanawaita watoto hawa kwa jina la watu wa Mongolia, jambo lililotokana na kosa la Down mwenyewe aliyefananisha sura zao. Nchi ya Mongolia iliomba Shirika la Afya la Dunia kuliacha jina hilo, na likaachwa mwaka wa 1965. Nasi tuliache nyumbani na shuleni. Mtoto ana jina lake.

Uso wa pili: tezi isiyofanya kazi

Uso huu ndio tunaoomba mkumbuke kuliko yote, kwa sababu dawa yake ipo. Mtoto anazaliwa, mara nyingi anaonekana wa kawaida kabisa. Baada ya majuma machache uso unavimba, hasa kwenye kope. Ulimi ni mnene, haukai mdomoni. Sauti ya kulia ni nzito, kama mtu mwenye mafua. Manjano ya macho haitoki kwa upesi. Ngozi ni baridi na kavu, kitovu kinatokeza, mtoto anakosa choo siku nyingi, anasinzia kupita kiasi. Jirani anasema: una bahati, mtoto wako hasumbui. Kumbe si bahati.

Tezi iliyo shingoni haitoi dawa ya mwili inayokuza ubongo. Kama mtoto akianza kumeza kidonge cha tiroksini kila siku katika majuma ya kwanza, anakua na akili yake sawasawa na wengine. Akichelewa miezi, kilichopotea katika ubongo hakirudi. Katika nchi nyingine kila mtoto hutolewa tone la damu kisiginoni ili kutafuta ugonjwa huu. Mahali ambapo kipimo hicho hakifanyiki, jicho la mama na la mzalishaji ndilo mlinzi wa kwanza.

Jambo hili lina historia katika nchi yetu. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, madaktari waliofanya utafiti tangu miaka ya 1960 walikuta watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa shingoni, na watoto waliodumaa mwili na akili. Sababu ya kwanza ilikuwa upungufu wa iodi katika udongo na chakula. Muhogo usiolowekwa vizuri uliongeza shida, kwa sababu sumu yake inaizuia tezi isitumie iodi ile kidogo iliyopo. Kinga yake iko jikoni mwetu: tununue chumvi yenye iodi, tuifunge katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, tuiweke chakula kikiwa karibu kuiva, na muhogo tuuloweke siku za kutosha kabla ya kuanika. Mama mwenye mimba anahitaji iodi kwa ajili ya watu wawili.

Uso wa tatu: pombe ndani ya mimba

Hapa tutazungumza kwa upole, kwa sababu hatutaki mama yeyote aondoke na aibu. Mwaka wa 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza watoto wa wazazi waliokunywa sana, na mwaka wa 1973 madaktari wa Marekani walieleza sura ile ile. Uso una alama tatu: macho ambayo ufa wake ni mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kati ya pua na mdomo kimesawazika, hakionekani. Mtoto huzaliwa mdogo, na shuleni hatulii, anasahau leo alichojifunza jana. Sisi walimu tumewachapa watoto wa namna hii tukidhani ni utundu.

Kasiksi ni pombe, bia ni pombe, kanyanga ni pombe. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama wakati wa mimba. Lakini kila siku ambayo mama anaacha ni faida kwa mtoto, hata kama mimba imefika miezi sita. Na baba anayemnunulia mkewe chupa ili wanywe pamoja, naye asikie neno hili.

Na mdomo uliopasuka?

Wengi wetu tumeona mtoto mwenye mdomo wa juu uliopasuka. Mara nyingi ni jambo la peke yake, mtoto mwingine wote ni mzima, na unashonwa kwa operesheni, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa. Shida ya kwanza ni njaa: kama na kaakaa limepasuka, hawezi kuvuta ziwa. Tumkalishe wima, tumpe maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa kijiko au kikombe, tumpime uzito kila juma. Watoto hawa hufa kwa kukosa maziwa, huku watu wakingoja wafe kwa laana.

Tufanye nini?

Kwa mama: ukiona uso unakutia wasiwasi, usimfiche mtoto ndani. Mpeleke kituo cha afya na uliza maswali haya matatu kwa lugha unayoielewa: Mtoto wangu ana nini usoni? Mmesikiliza moyo wake? Nirudi lini? Una haki ya kujibiwa. Wakisemezana Kifaransa mbele yako, waombe warudie kwa Kiswahili.

Kwa wazalishaji na wauguzi wanaosoma ukurasa huu: mnatupenda, tunajua, na mnaogopa kumvunja mama moyo siku ya furaha. Lakini mwambieni. Mwambieni mtoto akiwa mikononi mwake, mumeo akiwapo kama inawezekana, na mwanzieni kwa pongezi, maana amezaa mtoto. Kisha mseme mlichoona, na mahali pa kwenda.

Kwa vikundi: safari ya kwenda hospitali kubwa na ekografi ya moyo vinagharimu franga nyingi. Vikundi vyetu vya AVEC vina sanduku la kusaidiana. Tunaliomba kila kundi liandike katika kanuni zake kwamba mtoto mchanga aliyeandikiwa kwenda kupimwa moyo asaidiwe nauli, kama vile tunavyosaidia msiba. Tusingoje msiba.

Na kwetu walimu: mtoto anayechuchumaa wakati wa rekreasio, tumwulize anasikia nini kifuani kabla ya kumwita mvivu.

Msichana yule yuko bado nasi. Anameza dawa zake, na siku akiweza anakuja shuleni akibebwa na kaka yake. Sasa anakaa benchi la mbele. Anajua kuandika jina lake, na anatuomba chaki kila siku aliandike tena ubaoni. Mama yake ndiye aliyetuomba tuandike ukurasa huu. Alisema kwamba yeye habari zimemfikia nyuma, lakini kuna mama anayejifungua usiku wa leo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na namna ya kumkamulia mtoto maziwa na kuyahifadhi bila friji. Maswali yenu tuleteeni siku ya mkutano, au myaache kwa katibu wa kikundi chenu.

Tubaki na amani.